Mdogo wangu ana kifafa, bibi kaleta unga wa mizizi, wanasema una antioksidanti nyingi. Aache vidonge?

dada_wa_Kilombero

Habari za jioni wanajamvi, naombeni wenye uelewa mnisaidie maana nyumbani tumegawanyika na mimi ndo dada mkubwa kwa hiyo kila mtu ananiangalia mimi. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 14, kifafa kilimuanza akiwa darasa la tatu, anatumia fenobabitoni kila usiku na kwa kweli zamani alikuwa anaanguka hata mara tatu kwa wiki, sasa hivi inaweza kupita miezi miwili hajaanguka. Shida ni kwamba vidonge vinamfanya mzito, darasani anasinzia, mwalimu wake analalamika, na yeye mwenyewe ameanza kusema amechoka kuwa mtu wa dawa kila siku.

Mwezi uliopita bibi kashuka kutoka Mahenge na mfuko wa unga wa mizizi na majani makavu, anasema huko kwao wenye kifafa wametumia tangu enzi za mama yake. Unachemshwa, anakunywa kikombe asubuhi na jioni. Mama anamuamini sana bibi. Halafu binamu yetu aliyeko chuo akatuma kwenye grupu la familia makala inayosema mimea ya Afrika inayotibu kifafa ina antioksidanti nyingi na hizo zinalinda ubongo, basi hapo ndo mjadala ukaisha, mama anasema si mnaona hata wataalamu wamekubali, anataka dogo aache vidonge aanze na unga peke yake ili dawa zisigombane tumboni.

Naomba kujua hizo antioksidanti ni nini hasa na zinazuiaje mtu asianguke? Sitaki kumdharau bibi, yeye ndo kanilea. Mfuko uko juu ya kabati, nimesema usiguswe mpaka nipate jibu. Nawasilisha.

Maabara77

Pole sana dada, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Mimi nimefanya kazi maabara ya mimea dawa miaka kadhaa na hicho kipimo cha antioksidanti nimekifanya kwa mikono yangu mara nyingi mno, acha nikueleze kilivyo ndo utaelewa makala ya binamu inasema nini na wapi inaishia.

Kuna kemikali inaitwa DPPH, ni unga mweusi wenye uzambarau, ukiuyeyusha kwenye methanoli unapata rangi ya zambarau iliyokolea kweli kweli. Unachukua mmea wako ulioukausha kivulini, umeutwanga, umeuloweka kwenye methanoli, umechuja. Unatia kidogo kwenye kichupa cha zambarau, unakiweka gizani nusu saa. Ukirudi, kama mmea una antioksidanti ile zambarau imefifia, na kama zipo nyingi imegeuka njano kama mafuta ya kupikia. Unasoma kwenye mashine, nanomita 517, unalinganisha na vitamini C, unaandika namba yako. Ni kipimo kizuri, rahisi, hakihitaji pesa nyingi, ndo maana vyuo vyetu wanafunzi wengi wanakifanya.

Sasa sikiliza. Siku moja tulijaribu majani ya chai ya dukani tu, haya ya kunywa asubuhi, yakageuza rangi haraka kuliko mmea niliokuwa nautafiti. Karafuu ndo usiseme kabisa. Choya nayo ikageuza. Na hakuna mtu kwetu aliyewahi kupona kifafa kwa chai. Kile kichupa hakina ubongo ndani yake, hakina ini, hakina damu, kinakuambia tu kwamba huu mmea unaweza kudaka radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli, ukiwa kwenye methanoli.

Hizo radikali huru zinaingiaje kwenye kifafa? Ubongo una uzito kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote, na umejaa mafuta ya aina inayochacha upesi. Mtu akianguka seli nyingi zinafyatua umeme kwa pamoja, glutameti, kemikali inayoamsha seli za ubongo, inamwagika, kalsiamu inaingia kwenye seli kupita kiasi, zile mitokondria zinazotengeneza nguvu zinazidiwa na kuanza kumwaga radikali huru, na hizo zinayachachisha mafuta ya seli kama samli iliyosahaulika juani. Antioksidanti zinazidaka kabla hazijaharibu. Hiyo ni sayansi ya kweli, sio maneno ya wauza dawa mnadani.

Lakini kulinda seli zisiungue na kuzuia zisifyatue ni kazi mbili tofauti dada. Fenobabitoni inafanya ile ya pili, inaipa nguvu GABA ambayo ni breki ya ubongo, na imekuwa ikitumika kwa kifafa tangu 1912. Mmea unaweza kuwa na uwezo wa kwanza bila wa pili. Ukitaka kujua kama una wa pili unaenda kwenye panya, unawapa dawa ya mmea halafu unawapa kemikali ya kuwaangusha, pentilentetrazoli, unahesabu wangapi wameanguka na baada ya muda gani.

Na hapa nimtetee bibi yako kwa moyo wote. Kuna utafiti ulichapishwa 2005, waganga 100 wa Temeke waliulizwa kuhusu kifafa, wengi walizieleza dalili vizuri kabisa, kizunguzungu, povu, kung'ata ulimi, na wakataja mimea 60 wanayotumia. Ndani yake ipo Clausena anisata, Hoslundia opposita na Abrus precatorius, ambayo tayari ilikuwa imeonyesha uwezo wa kuzuia mtukutiko. Kwa hiyo wazee hawabahatishi. Ila hiyo Abrus ndo turituri, ule mtambaa wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, watoto wanazitungia shanga. Mbegu yake ina abrini, moja ya sumu kali kabisa za mimea, mtoto akizitafuna chache anaweza kufa. Mmea uleule! Ndo maana swali langu la kwanza kwako: ndani ya mfuko kuna mmea gani, na sehemu gani ya mmea?

baba_wawili

Dada mimi sina elimu ya maabara ila nina kilichonipata. Binti yangu alikuwa na miaka 9, alikuwa kwenye fenobabitoni hizohizo, mtu mmoja akatuambia dawa yake haichanganywi na ya hospitali, tukaacha vidonge Jumamosi. Jumapili mzima, Jumatatu mzima, mke wangu akasema unaona. Jumanne alfajiri nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Nikaingia na tochi, anatingishika, akatulia kidogo nikadhani imekwisha, akaanza tena kabla hata hajafumbua macho, na tena, tumempandisha bodaboda katikati yangu na dereva nimemkumbatia nahisi meno yake yanagongana kifuani kwangu njia nzima mpaka hospitali. Walimchoma diazepamu ndo akatulia.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini aliporudi nyumbani alikuwa amesahau kuhesabu vidole vyake, tumeanza upya moja mbili tatu kama mtoto wa chekechea, imechukua karibu mwaka. Hivyo vidonge havikatwi ghafla. Mwambie mama, nakuomba.

Mzawa halisi

Binafsi naona tunatishana sana. Babu zetu walitibu kifafa kabla vidonge havijafika, leo kila cha kwetu ni sumu na cha kiwandani ni dawa. Mmea ukipita kwenye kipimo mnasema hicho kipimo hakitoshi, ukipita kwa panya mnasema panya sio mtu. Lini sasa dawa yetu itakubaliwa?

mjukuu_wa_mganga

Mzawa halisi nakuelewa mkuu, swali lako ni la haki na mimi nimekulia humo humo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mganga wa miti shamba, nilikuwa nabeba kikapu chake porini likizo zote. Hiyo Hoslundia naijua kabla sijajua jina lake la kitabuni, ni kichaka cha mabondeni, majani ukiyafikicha yananukia, kina vitunda vya rangi ya chungwa vitamu, tulikuwa tunavila mpaka midomo inabadilika rangi. Babu alikuwa anachuma majani asubuhi kabla jua halijakausha umande. Mtu wa kifafa akija na vidonge vya hospitali babu anamwambia meza vyako, yangu utakunywa mchana, na alikuwa anaweka alama za mkaa ukutani, kila akisikia huyo mtu ameanguka anachora moja. Baada ya miezi anahesabu. Alama zisipopungua anamrudisha kwao bila kuchukua kuku wake. Hajawahi kusoma lakini alikuwa anapima.

Kwa hiyo dawa yetu itakubaliwa siku tutakapohesabu kuanguka kwa watu, sio rangi ya chupa. Na kwa nchi hii wa kuhesabu wapo, Muhimbili pana taasisi ya tiba asili tangu 1974, sio kitu cha jana.

Dada, kuhusu kuutambua mmea, unga hausaidii sana, ukishasagwa hata mtaalamu anabaki ananusa tu. Na majina yanachanganya, mti mmoja Wapogoro wanauita hivi, Waluguru vile, na jina moja linaweza kubeba miti mitatu. Unahitaji tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo.

dada_wa_Kilombero

Nimesoma zote mpaka machozi, baba_wawili Mungu amtunze huyo binti. Nimemsomea mama kile cha kuacha vidonge ghafla, amenyamaza, hajasema ndiyo hajasema hapana.

Naongeza maswali samahani. Bibi pia alitaka kumfukiza kwa majani ya mkaratusi na kafuri akianguka, ili "apandishe pumzi". Na mama kaleta wazo la habbat soda, anasema hiyo ni baraka haiwezi kudhuru. Binamu naye anasema Marekani wamepitisha bhangi kwa kifafa kwa hiyo hoja ya mimea imeshashinda. Nimjibu nini?

Nesi_zamu_ya_usiku

Dada la kufukiza nikujibu haraka: hapana. Kafuri inaangusha. Sio methali, mwaka 1934 daktari mmoja wa Hungary anaitwa Meduna alikuwa anawachoma wagonjwa wa akili kafuri makusudi ili waanguke, akiamini itawasaidia. Mafuta ya mkaratusi nayo yameripotiwa kuleta degedege, wengine hawakuwa hata na kifafa. Sasa mtoto mwenye kifafa umfunike blanketi na mvuke huo wakati yuko kwenye kuanguka hawezi hata kujigeuza! Akianguka mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, legeza kola, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 au akirudia bila kuzinduka mkimbize hospitali. Na mate yake hayaambukizi, naomba niliseme hili kwa herufi kubwa kama ingewezekana, nimepokea watoto waliotumbukia kwenye moto wa jikoni na watu wamesimama pembeni wanaogopa povu.

La kusinzia darasani: hilo linatibika bila kuacha dawa. Fenobabitoni inaleta usingizi, inajulikana, daktari anaweza kupunguza dozi taratibu au kumhamisha kwenye kabamazepini au nyingine, hatua kwa hatua wiki kadhaa. Wazazi wengi hawasemi, wanakuja kliniki wanasema anaendelea vizuri wanachukua vidonge wanaondoka, sisi tutajuaje kama anasinzia? Kasemeni.

Na mmesema Mahenge. Je dogo amewahi kuishi huko au kuumwa na vile vijinzi vyeusi vya mitoni? Mahenge inajulikana kwa kifafa siku nyingi, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 60, na utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta bado kuna kifafa kingi vijijini hata baada ya miaka 20 ya kugawa ivermectin, dawa ya usubi, ugonjwa unaopofusha unaoenezwa na vijinzi hivyo. Usubi na kifafa vina uhusiano. Kwingine chanzo ni mnyoo tegu wa nguruwe anayeingia kichwani, na hapo watu wanakosea, huyo wa kichwani hatoki kwenye nyama yenyewe bali kwenye mayai ya mnyoo yaliyo kwenye kinyesi cha mtu, yanaingia kwa maji na mikono michafu mpaka kwa asiyekula nguruwe kabisa. Nalisema hili kwa sababu antioksidanti haiui mnyoo na haimzuii kijinzi, kwa hiyo chanzo kitafutwe.

Maabara77

Asante nesi. Mimi nimalizie la habbat soda na bhangi, maana hapo ndo jibu la Mzawa halisi lilipo.

Iran walijaribu habbat soda kwa watoto ambao kifafa chao kilikuwa hakisikii dawa, ikachapishwa 2007. Kuanguka kulipungua. Lakini walikuwa watoto wachache, kama ishirini tu, walipewa maji yaliyotengenezwa kwa kipimo kulingana na kilo za mtoto, na vidonge vyao waliendelea navyo vyote. Nayo habbat soda kwenye DPPH inageuza rangi. Umeona tofauti? Kilichotupa tumaini ni hesabu ya kuanguka.

Ya Marekani, mwaka 2018 walipitisha kanabidioli iliyosafishwa, jina la dukani Epidiolex, kwa aina mbili mbaya za kifafa cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Imetoka kwenye bhangi kweli, lakini haileweshi, ni kitu kimoja kilichotolewa kikasafishwa mpaka kila mililita inajulikana ina kiasi gani. Kanabidioli nayo ni antioksidanti, ila haikupita kwa sababu hiyo, ilipita kwa sababu wazazi waliandika daftari wiki baada ya wiki, wengine wakiwa wamepewa dawa na wengine mafuta matupu bila kujua, halafu wakahesabiwa. Wengi walibaki kwenye dawa zao nyingine. Na hata hivyo ikigongana na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ini linasumbuka. Msokoto wa mtaani au mafuta ya kununua kwa mtu sio hicho kitu, na kwetu kisheria unatafuta kesi.

Kwa hiyo Mzawa mkuu, mmea umeshakubaliwa, na njia mmea huo uliyopitia ndo ileile ya alama za mkaa za babu yake mjukuu, ila na watu wengi zaidi. Ninachokipigania mimi ni ya kwetu ipite njia hiyo, inaniuma kuona mimea ya Temeke na Mahenge inaishia kwenye vichupa vya zambarau na tasnifu kabatini halafu mwanafunzi mwingine anaanza tena zambarau.

Jambo moja zaidi dada. Mimea na vidonge vinakutana kwenye ini. Pilipili manga, hii ya pilau, ina kitu kinaitwa piperini, kimeonekana kupandisha fenitoini, nayo dawa ya kifafa, kwenye damu. Balungi linapandisha kabamazepini. Kama pilipili manga inaweza, mizizi iliyochemshwa kikombe kizima mara mbili kwa siku je? Anaweza kulewa dawa, au dawa ikashuka akaanguka, na nyinyi mkadhani kifafa kimekuwa sugu. Na unga ambao haujauchimba mwenyewe uogope zaidi, India kumewahi kukutwa dawa za "asili" za kifafa zilizotiwa fenobabitoni kimyakimya. Wa bibi sina wasiwasi nao kwa hilo, kauchimba kwa mkono wake.

dada_wa_Kilombero

Wapendwa narudi na mrejesho. Jana usiku nilikaa na bibi jikoni, nikamwambia yote, la turituri nikalisema kwa woga. Akacheka akasema turituri anaijua, wao walikatazwa hata kuchezea. Halafu nikamuuliza bibi kwa nini lakini ulisema dogo aache vidonge. Akaniangalia akasema mimi? Mimi nilisema wapi aache vidonge? Mimi nimeleta dawa yangu, hayo ya kuacha kayaleta mama yako na simu.

Nilikaa kimya dada zangu. Siku zote tulikuwa tunabishana na bibi na kumbe hakuna aliyemuuliza.

Tumekubaliana hivi, vidonge vinaendelea kama kawaida, mfuko unabaki juu ya kabati, Alhamisi tunaenda kliniki mama, mimi na dogo, na mfuko tunaubeba tuuonyeshe. La kusinzia atalisema dogo mwenyewe. Nimemnunulia daftari dogo la kuandika siku aliyoanguka, alikuwa anafanya nini, amelala saa ngapi usiku wake, kaliandika jina lake juu kwa kalamu nyekundu na kaanza kujaza za nyuma anazozikumbuka. Kufukiza kumefutwa.

Bibi kasema atampigia mjomba akate tawi lenye maua alitume na basi. mjukuu_wa_mganga, likikaa siku mbili njiani litafaa bado?

mjukuu_wa_mganga

Litafaa dada. Asilitie kwenye mfuko wa plastiki litavunda. Alilaze katikati ya magazeti makavu, majani mengine yaangalie juu mengine chini, aweke maboksi pande zote mbili afunge kwa kamba ibane. Likifika wewe badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Na mwambie mjomba aandike kwenye karatasi kalikata wapi, lini, na hapo kijijini mti wanauitaje, hata kama yana majina mawili ayaandike yote. Ukikwama niandikie inboksi nikuelekeze pa kulipeleka.